Korona ilifunga darasa, kina mama wakasomea kwenye simu

Kolwezi – Tarehe 18 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule nchini kote, akakataza pia mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Hapa Lualaba wazazi wote waliuliza watoto watasoma namna gani. Habari ya watu wazima wanaojifunza, hakuna aliyeiuliza.

Yaya wangu ni mmoja wao. Anauza unga sokoni, komini ya Manika. Jioni alikuwa anajifunza kusoma na kuhesabu pamoja na kina mama wengine kama thelathini. Darasa lao likafungwa.

Kwa mama wa soko, namba ni chakula. Asiyejua kusoma mizani wala daftari la madeni hupokea kile anachoambiwa. Ni vilevile kwa mama anayeosha madini na kwa mchimbaji mdogo anayepeleka mfuko wake Musompo.

Mwalimu wao hakungoja amri. Alirekodi somo fupi kwa sauti, akapiga picha ya ubao, akatuma vyote kwa WhatsApp. Wenye simu ya aina hiyo walikuwa wachache. Basi wanne au watano wa parseli moja walikaa mbalimbali, simu katikati, wakaandika kwa makala juu ya sima. Mega walichangia. Umeme ukikatika, walirudia somo la jana.

Si wote walioendelea. Lakini yaya leo anaandika madeni yake mwenyewe, na hakuna anayembishia.

Watoto walipewa masomo kwenye redio, kama Okapi École ya Radio Okapi. Nje ya nchi, UNESCO ilikutanisha kwa video miji ya mtandao wake wa miji inayojifunza, ili ipeane mbinu. Mbinu ya Kolwezi ilikuwa ndogo, lakini inafaa kuandikwa: sauti ni rahisi kutuma kuliko video, na simu moja inatosha watu watano.

Magonjwa hayajaisha. Tarehe 14 Agosti 2024, OMS ilitangaza Mpox kuwa dharura ya dunia, na nchi yetu ndiyo iliyoguswa zaidi. Naomba viongozi wa mji na redio zetu za hapa watayarishe mapema masomo ya watu wazima, kwa Kiswahili, saa za jioni soko likifungwa. Walimu tunao.