Kinu cha Upepo cha Leiden

Kila mwaka mwezi wa Mei Waholanzi huwa na siku zao za vinu, na mlango hufunguliwa kwa kila apitaye. Tulikuwa Leiden kumzuru binti yetu, tukafuatana naye na mjukuu hadi De Valk, kinu cha matofali kilichojengwa mwaka 1743, chenye orofa saba.

Ngazi zake zasimama wima mno; magoti yetu yalilalama. Huko juu msagaji alilegeza breki, mabawa manne yakaanza kuzunguka, na jengo zima likatetemeka kama jahazi lililotweka tanga. Alitueleza kuwa kinu husema: bawa likisimamishwa kabla kidogo ya kufika kileleni, ni furaha, likisimamishwa limekwisha pita kidogo, ni msiba.

Mjukuu akauliza, "Babu, nani walioanza kusaga kwa upepo?" Tukajibu upesi, "Hawa Waholanzi." Binti akamfasiria msagaji, naye akatikisa kichwa kwa adabu: "La, ni watu wa Sistan, Uajemi."

Tuliona haya. Al-Istakhri alivitaja vinu hivyo katika karne ya 10, na sisi tumesomesha miaka thelathini bila kuvitaja hata mara moja. Huko mhimili husimama wima, na kuta huelekezwa upande wa kaskazini utokako ule upepo wa siku 120. Hiki cha Leiden mhimili wake umelala, na kichwa sharti kigeuzwe kila upepo ubadilikapo.

Tuliposhuka, mjukuu alikuwa akilitaja jina la Sistan ngazi kwa ngazi, asije akalisahau.