Mtoto Aliyeuzwa

Hapa Uroa bahari ikipwa, hupwa mbali. Wanawake huenda kwa miguu mpaka mashamba yao ya mwani, na mara nyingine huukuta umeoza kwa joto la maji, na kazi ya majuma mengi imepotea. Hulalama kwa sauti, kisha hufunga mbegu mpya. Wengi wao ni Waislamu, nami Mkristo nimejifunza kwao ya kuwa kumtumaini Mungu hakumkatazi mtu kulalama.

Wako wadhanio kwamba mwamini apatwapo na mateso yampasa kunyamaza. Sivyo. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro.

Mfikirini Cecil Majaliwa, Myao. Aliuzwa utumwani angali mtoto, akaletwa Unguja. Je, tuseme jambo lile lilikuwa jema? Mimi sithubutu. Lilikuwa ovu, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Misheni ya UMCA ikamlea, akasoma Kiungani. Mwaka 1886 alikwenda bara kufundisha Chitangali, si mbali na mto Ruvuma, katikati ya Wayao wenziwe, katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilipita kwenda pwani. Mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Utoto wake hakurudishiwa. Walakini aliketi na watoto wa huko, akawafundisha.