Taa Isizimike Asimamapo

Wazazi wenzetu ambao ujana wao ulipita juu ya baiskeli watalikumbuka dainamo, kile kichupa cha chuma kilichoegemezwa kwenye tairi ili kizungushwe nalo na kutoa umeme wa volti 6. Ukienda kasi, taa ya mbele iliwaka ikapendeza. Ukipanda mwinuko, ilififia ikawa nyekundu mithili ya kaa la moto. Ukisimama njiapanda kungojea lori lipite, ilizimika kabisa, na hapo ndipo ulipokuwa ukiihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Sisi tulizoea kupiga kengele gizani na kutumaini kwamba dereva ana masikio.

Tumelikumbuka dainamo kwa sababu ya mpwa wetu, kijana wa miaka 16, ambaye chombo chake si baiskeli bali ni skeitibodi. Wasomaji ambao hawajaiona karibu, huo ni ubao wa tabaka saba nyembamba za mbao ngumu, uliofungwa ekseli mbili na magurudumu manne madogo ya plastiki, nao husukumwa kwa mguu. Mchezo huo ulizaliwa California katika miaka ya 1950, miongoni mwa vijana waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi, na mwaka 2021 ulichezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, mjini Tokyo. Nairobi kuna uwanja wake maalumu huko Kangemi. Hapa Mombasa vijana hujitafutia pahali palipo na sakafu laini, na aghalabu hukutana Mama Ngina, pale tupaitapo Lighthouse, jua likishatua na joto likapungua. Kwenda huko mchana hawataki, na kwa hilo hatuwalaumu.

Tatizo ni njia ya kurudi nyumbani. Usiku mmoja tuktuk ilimkosa kijana wetu kwa shibiri. Mama yake, ambaye ni mdogo wetu, alimpoteza mumewe barabarani, na hatuna haja ya kueleza zaidi hali aliyokuwa nayo. Asubuhi alituletea ule ubao umefungwa ndani ya leso, akauweka miguuni petu barazani. "Kaka, mimi nimeshindwa. Ukisema uchomwe, utachomwa."

Hatukuuchoma. Kijana anyang'anywaye chombo chake huazima cha mwenziwe, na cha kuazima hukipanda mafichoni, ambako hakuna mkubwa wa kumwona. Tulimwita tukamwuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akasema atatia taa. Baada ya siku chache alikuja na magurudumu mapya yenye taa za LED ndani. "Mjomba, haya hayataki betri hata kidogo," alituambia kwa furaha. Ndani ya gurudumu mna sumaku na nyaya zilizozungushwa. Likibingirika hujitengenezea umeme wake, na kila mwendo unavyozidi, mwanga nao huzidi. Yalikuwa mazuri kweli, buluu na kijani. (Buluu hiyo haikupatikana kwa urahisi. LED nyekundu ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, ilhali waliofanikisha ya buluu, Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura, walitunukiwa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2014.)

Usiku ule tulikaa barazani tukamwambia apite uchochoroni kutoka mwisho hadi mwisho. Akapita, na watoto wa jirani wakashangilia. Alipokuwa katikati tukamwamuru, "Simama hapo hapo." Akasimama, na hatukumwona tena. Ilisikika sauti yake tu gizani: "Mjomba, bado nipo." Tukamweleza habari za dainamo.

Kijana huyo ana kichwa chepesi, akafahamu mara moja. Akatueleza kwamba iko njia nyingine: kutenganisha kinachopima mwendo na kinacholeta umeme. Umeme utoke kwenye pawabanki, na mwendo upimwe na kihisi kidogo kilichogandishwa kwenye ekseli. Ndani ya gurudumu hupachikwa sumaku mbili ndogo, zikielekeana ili gurudumu lisiyumbe. Kila sumaku ipitapo mbele ya kihisi, hutoka pigo moja la umeme kwenda kwenye kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Msingi wa kihisi hicho ni ugunduzi wa Edwin Hall wa mwaka 1879. Kompyuta huhesabu mapigo, hujua mwendo, na huziamuru taa zifanye lile iliyofundishwa.

Hesabu yake tuliifanya pamoja kwenye ubao wa chaki wa chuoni. Gurudumu lake lina kipenyo cha milimita 60, hivyo mzunguko mmoja humsogeza sentimita 19 hivi. Akienda kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu akimbiaye, gurudumu huzunguka takriban mara 22 kwa sekunde. Hapo kijana alitaka taa zimweke mara moja kwa kila mzunguko. Hilo tulilikataa katakata. Mwanga umwekao kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde waweza kumwangusha mwenye kifafa cha aina inayochochewa na mwanga, na barabarani humjui ni nani anayekutazama. Pia tulimkataza buluu ya kumweka, kwani hiyo madereva huihesabu kuwa ni ya polisi au gari la wagonjwa. Mbele ikawa nyeupe, nyuma nyekundu, kama vyombo vingine vyote.

Ama jambo lililotuchukua siku nyingi ni kumshawishi kuhusu kusimama. Yeye alikuwa bado anataka mwanga upande pamoja na mwendo: polepole hafifu, kasi mkali. Maana ya taa zijibuzo mwendo, kwake, ni wenzake waone jinsi anavyokwenda. Sisi tulimwambia amfikirie dereva. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kijana aendaye kasi angalau anaondoka mbele ya gari. Aliyepunguza mwendo, au aliyesimama kufunga kamba ya kiatu, ndiye gari linamfikia. Basi taa ya nyuma na ipande anapopunguza mwendo. Gari lina taa za breki, ilhali skeitibodi huzuiwa kwa kuburuta soli ya kiatu, na aliye nyuma hapati ishara yoyote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mbele nifanye nitakavyo?" Tukamwachia mbele. Kijana naye ana haki yake ya kujipamba.

Fundi wa simu wa mtaani petu alimwazima chuma cha kulehemu na kumsimamia. Ukanda ulikuwa na taa 30. Kila moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula miliampea 60 hivi, ambazo kwa jumla ni karibu ampea 2, kiasi cha kuichosha pawabanki ya kawaida, kwa hiyo za mbele zikawekewa theluthi ya nguvu. Walipomaliza, wakaujaribu ubao sakafuni, likazuka jambo ambalo hata fundi hakulitarajia. Ukiachwa umesimama kwa muda, zote zilizimika! Kumbe pawabanki nyingi zimetengenezwa zijizime zenyewe zikiona umeme unaotumika ni mchache mno. Hudhani simu imekwisha kujaa. Programu yake ilikuwa bado inazififisha taa zote pindi ubao usimamapo, nayo pawabanki ikadhani kazi imekwisha.

Dawa yake ikawa ni yale yale tuliyokuwa tukimwomba. Ubao ukisimama, taa 10 za nyuma hubaki nyekundu kwa nguvu kamili. Hizo pekee hula miliampea 200 hivi, na hiyo yatosha kuiweka pawabanki macho. Kijana alicheka, akasema hata betri imekuwa upande wa mjomba.

Nyaya zote wamezifunika kwa gundi, kwa maana hewa ya chumvi huku kwetu haimwachi salama mwenye shaba. Lakini hata baada ya kazi yote hiyo, taa hizo ziko sentimita 10 tu juu ya lami. Gari lililoegeshwa lazificha, na zinamulika sakafu kuliko zinavyommulika mtu. Kwa hiyo anavaa fulana ya kumeremeta kama zile za waendesha bodaboda, akilalamika kwamba wenzake humwuliza nauli ya kwenda Kongowea. Kofia ngumu alikwisha kuwa nayo.

Juzi baada ya Isha mama yake alikuja kuona. Hakukaa barazani nasi. Alikwenda mwenyewe hadi mwisho wa uchochoro, akajifunika mtandio vizuri, akamwambia mwanawe apite mbele yake kisha asimame. Kijana akapita, akaburuta kiatu, na ile nyekundu ikawaka kabla hajasimama sawasawa. Mama akaitazama kwa muda mrefu. Akamwambia asimame vivyo hivyo, asiondoke, na sisi tuliokuwa mbali tulidhani anataka kumwambia neno. Alikuwa anahesabu tu, aone kama itazimika.

Leso yake amekwisha ichukua, na ubao umebaki kwa mwenyewe. Ruhusa yake ni ya Lighthouse na ya vichochoro vyetu vya Mji wa Kale, mpaka saa tatu na nusu usiku. Barabara kuu bado hatujamruhusu.