Masasi inalia, ao ni mapigano?

Saa kumi na mbili ya asubuhi, mama mmoja aliyekimbia wilaya ya Masisi anategea redio sikio. Maharagi yake yamekomaa shambani, na mvua itayaozesha. Anataka kujua jambo moja tu: njia iko salama ao hapana?

Redio inasema: « Mapigano yameripotiwa. » Mama anaweka kitunga chini. Jioni, jirani aliyetoka huko anamwambia kwamba hakukuwa mapigano. Watu wenye silaha walipiga risasi mbili hewani, wakachukua mbuzi, wakaenda.

Hapa Kivu, raia wanajua kutofautisha maneno hayo. « Masasi inalia » ni sauti tu: umeisikia, lakini haujui nani anapiga wala kwa nini. « Kupiga risasi » kunaweza kuwa kazi ya mtu mmoja. « Kurushiana risasi » kunataka pande mbili, kama vile kusalimiana: huyu anarusha, yule anajibu. « Mapigano » nayo yanatoka kwa kupigana, na mwenye kuyasikia anafikiri vita inaendelea.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoingia Goma, neno mapigano lilikuwa mahali pake. Wakaaji walijifungia siku kadhaa, wakilala chini, maana ukuta wa mbao hauzuie risasi iliyopotea.

Lakini kuna kosa lenye kuumiza kupita la mbuzi. Watu wakiingia kijijini usiku na kuua wakulima ndani ya nyumba zao, kisha habari ikasema « watu wamekufa katika mapigano », marehemu wanapewa bunduki ambayo hawakushika hata siku moja. Familia inabaki kujibu maswali: mtoto wenu alikuwa wa kundi gani? Hayo si mapigano. Ni mauaji, na yaitwe hivyo.

Basi anayepigia redio simu toka kijijini aseme alichosikia na alichoona: ni wapi, saa ngapi, ni upande mmoja ao pande mbili, na kama imenyamaza. Asipojua nani alipiga, aseme tu kwamba masasi imelia. Haiko haya.

Yule mama alikwenda shambani siku ya tatu. Nusu ya maharagi ilikuwa imeota ndani ya maganda.