Fedha Yenye Mwenyewe

Nikifika kijijini, kabla sijaingia kwa mtendaji huwa napita kwenye ubao wa matangazo. Mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe pale, kisha yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Mara nyingi nakuta tangazo la chanjo ya ng'ombe, majina ya watoto waliochaguliwa kidato cha kwanza, na karatasi ya mapato iliyopauka kwa jua mpaka haisomeki. Mimi ni afisa mipango. Kazi hii nimeifanya katika halmashauri za Shinyanga na upande wa Geita, tangu Geita ikiwa bado wilaya ya Mwanza, na karatasi ile hunieleza mengi yasiyomo kwenye taarifa za robo mwaka.

Vijana walioajiriwa juzi hudhani ugatuaji wa madaraka ni wimbo wa wafadhili. Wazee wa Usukumani wameyaona yote. Mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri za wilaya kwa mpango wa Madaraka Mikoani, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. (Nchi ya ujamaa kwenda kuuliza kwa mabepari namna ya kujitawala, hilo bado hunichekesha.) Madaraka yalifika mikoani kweli, ila yakaishia mikononi mwa maofisa walioteuliwa. Ikaja Operesheni Vijiji ya 1974, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, kisha mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na mkulima wa pamba akabaki hana pa kusemea. Sheria Namba 7 na 8 za 1982 ndizo zilizorudisha halmashauri, zikaanza kazi 1984, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akakiri kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika yalikuwa makosa.

Katikati ya hapo watu hawakukaa kusubiri. Wizi wa ng'ombe ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Kahama na jirani zao waliunda Sungusungu, wenye mtemi wao, makamanda wao na faini zao, wakati sheria ya nchi haijawatambua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, ulifanikiwa kwa sababu uliwakuta Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Vijiji vilitunga sheria ndogo, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikazisimamia, na maelfu kwa maelfu ya hekta zilizokuwa jangwa zikarudi kuwa vichaka. Hapakuwa na semina ya kuwafundisha "umiliki". Ng'ombe walikuwa wao, na majani yalikuwa yao.

Sera ya maboresho ya mwaka 1998 ilitupa sisi maofisa lugha mpya na kazi nyingi. Tulikwenda vijijini na mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, tukachora ramani chini kwa jivu, tukaorodhesha vipaumbele, kijiji kikapeleka kwenye kata, kata ikapeleka halmashauri. Kisha ukomo wa bajeti ukashuka kutoka juu, pamoja na maelekezo ya kitaifa kwamba mwaka huu ni sekondari za kata. Kijiji kilichoomba lambo kikaambiwa kichangie madarasa. Ukifanyiwa hivyo mara mbili, ya tatu hutoki nyumbani kwenda mkutanoni, na akidi inakuwa shida ya kudumu.

Lakini fedha ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile ambayo watu waliiita kodi ya kichwa. Siililii. Wanaume walilala porini kukwepa mgambo, na mtu alidaiwa stakabadhi mnadani mbele ya wakwe zake. Ila ilipoondoka, pengo lilizibwa kwa ruzuku ya Hazina, na taratibu fedha ya halmashauri ikawa kitu kinachotoka Dodoma. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukapunguzwa kutoka asilimia 5. Kila hatua ilikuwa na hoja yake nzuri. Jumla yake ni kwamba mwanakijiji haoni tena shilingi yake ikiingia ofisini, basi haifuatilii inapotoka.

Mahali anapoiona, mambo hubadilika. Kijiji kimoja, sikitaji jina, kilipandisha boma la madarasa mawili mpaka kwenye lenta kwa nguvu zao: tofali za kuchoma, mchanga, mawe, akina mama wakisomba maji. Halmashauri ikaleta bati za kuezekea. Siku ya mkutano mama mmoja wa kamati ya ujenzi akasimama na kipande cha bati alichookota chini ya mbao za fundi. Akakikunja kwa mkono mmoja, akanigeukia: "Bhabha, hii ndiyo geji 28 mliyotuandikia?" Nikamjibu, "Mayo, ngoja tuone." Stakabadhi ikaletwa. Karatasi ilisema 28, bati zilizopandishwa zilikuwa geji 30. Mzabuni alishusha zote, akaleta nyingine kwa gharama yake. Hatukuhitaji mkaguzi kutoka popote.

Kata ya jirani kulikuwa na zahanati iliyojengwa kwa fedha za mgodi. Sakafu ilipasuka kabla ya mwaka kwisha. Nikauliza iligharimu kiasi gani, hakuna aliyejua, hata mwenyekiti. "Hiyo ya mgodi," wakanijibu.

Ndiyo maana nasema dhahabu imetupa fedha ikatunyima maswali. Kwa mikataba ya zamani, migodi mikubwa ililipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka badala ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, na madiwani walipigana miaka mingi hadi hiyo 0.3 ikaanza kulipwa. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 yakaongeza kwamba mgodi lazima ukubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii. Geita hiyo ni mabilioni. Yamejenga vituo vya afya, madarasa na barabara ninazopita mwenyewe. Ila mazungumzo ni ya mgodi na halmashauri; kijiji husikia siku ya uzinduzi, kwenye mahema. Tena mgodi hufungwa: Buzwagi ilisimamisha uzalishaji 2021, na Kahama ikabidi ijipange upya.

Kwa wachimbaji wadogo hali ni nyingine kabisa. Rashi ikilipuka, watu wakakimbilia dhahabu mpya, mawe yanayotoka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, hugawanywa kwa viroba hadharani: vya mwenye duara, vya mwenye shamba, vya mwenye leseni, na sehemu nyingine vya kijiji. Nimewaona Sungusungu wakihesabu viroba vya kijiji kwa sauti, vikafuatwa na pikipiki mpaka kwenye karasha la kusagia mawe, na jioni watu wanajua shule yao imepata gramu ngapi. Fujo ni nyingi, wizi upo, zebaki ndiyo usiseme. Lakini mkutano mkuu wa vijiji vile hujaa.

Wengine walianza na kura na fedha. Poland ilipoachana na ukomunisti ilichagua mabaraza yake ya chini, gmina, Mei 1990, na gmina hupata sehemu yake ya kodi ya mapato ya wakazi wake. Sisi tumeanza na miongozo; Mkurugenzi wa halmashauri bado anateuliwa na Rais, na ile asilimia 20 ya mapato ya kurudishwa vijijini hutegemea kama kuna kilichobaki.

Ninachodai sasa ni kidogo: fedha ya mgodi itajwe kijiji kwa kijiji, na makadirio ya kila jengo yasomwe kwenye mkutano mkuu kabla zabuni haijatangazwa, geji ya bati ikiwemo. Madiwani wengine wananielewa. Wengine wanasema bei zikisomwa mapema zitaleta maneno. Msimu wa bajeti umekaribia, na pendekezo hilo nimelirudisha kwenye makabrasha ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango.