Beki Hangoji Mpira Umfikie



Pita uwanjani jioni uwaulize watoto wanataka kucheza namba gani. Kumi watakuambia tisa au kumi. Wa kumi na moja ni kipa, na huyo amewekwa pale kwa nguvu. Ubeki hauna mwenyewe, maana beki huonekana siku akikosea tu. Mimi ni beki wa kati, namba nne, kwa hiyo leo mnivumilie niwaeleze habari za beki mwenzangu Vincent Kompany. Mataji yake mnayajua. Ninachotaka tuangalie ni jinsi alivyotoka kwenye kucheza akaingia kwenye ukocha, kwa sababu hapo pana jambo linalotuhusu.

Tuanze na baba yake. Mzee Pierre Kompany alizaliwa Bukavu mwaka 1947. Aliikimbia Zaire ya Mobutu, akafika Ubelgiji mwaka 1975 akiwa mkimbizi. Aliendesha teksi huku akisomea uhandisi. Mwaka 2018 alichaguliwa kuwa meya wa Ganshoren, manispaa moja ya Brussels, akawa meya wa kwanza mweusi nchini Ubelgiji. Piga hesabu: miaka 43. Sisi tukimaliza mitano kambini tunasema maisha yamekwisha.

Vincent mwenyewe hakuwa mkimbizi, tuseme ukweli. Alizaliwa Brussels mwaka 1986, mama yake Mbelgiji, na alikulia kwenye akademi ya Anderlecht. Mlango wake ulikuwa wazi kuliko wetu. Akiwa na miaka 17 tayari alicheza timu ya wakubwa. Mwaka 2006 akaenda Hamburg, 2008 Manchester City. Pale City alikaa miaka 11, akawa nahodha, akabeba ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza mara nne. Wengi mnalikumbuka lile goli la Mei 2019 dhidi ya Leicester: beki anapanda, hakuna anayemkaba, anaachia shuti la mbali, moja bila. City walimaliza na pointi 98, Liverpool 97.

Lakini wanaosimulia goli lile husahau misuli yake. Kompany aliumia, akapona, akaumia tena, miaka na miaka. Euro 2016 hakuicheza kabisa. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka huohuo, kule Madrid, alitoka nje kama dakika kumi tu zimepita. Hata mechi yake ya kuagwa Manchester, Septemba 2019, iliyochangisha pesa kwa ajili ya watu wasio na makazi, alishindwa kuicheza kwa sababu ya jeraha.

Sasa sikiliza alichokuwa akifanya katikati ya maumivu hayo: alikuwa anasoma. Akiwa bado mchezaji wa kulipwa alimaliza shahada ya uzamili ya biashara pale Manchester. Na kazi yake ya mwisho ya utafiti ilihusu faida ya kucheza nyumbani, jinsi klabu zinavyoweza kunufaika nayo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Jamani, sisi kila siku tunacheza ugenini!

Kama unadhani jina kubwa lilimpa ukocha kwa ulaini, angalia mwanzo wake. Mwaka 2019 alirudi Anderlecht akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Timu ilianza vibaya, na baada ya wiki chache tu majukumu ya siku ya mechi akaachiwa msaidizi wake, yeye abaki kucheza. Agosti 2020 akatundika viatu, akawa kocha kamili. Mwaka 2022 akaenda Burnley, daraja la pili Uingereza, na msimu wa kwanza akachukua ubingwa wa daraja hilo kwa pointi 101. Msimu uliofuata, Ligi Kuu, alipata pointi 24 akashuka. Watu wakasema kwisha habari yake. Mei 2024 Bayern Munich wakamchukua, na mwaka 2025 akawapa ubingwa wa Ujerumani.

Mimi naona ubeki ndio uliomwandaa. Beki wa kati anauona uwanja wote mbele yake. Anaongea muda wote: panda, rudi, mshike huyo, funga kushoto. Yaani anafundisha dakika 90 bila kuitwa kocha. Na beki mzuri hangoji mpira umfikie. Anasoma macho ya mwenye mpira, anasogea hatua mbili kabla pasi haijapigwa.

Hapa kambini tumezoea kungoja. Tunangoja mahojiano, tunangoja majina yabandikwe, tunangoja simu ya safari. Wanaopata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu kila mwaka hawafiki hata asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Na skauti wa mpira tunamngoja vilevile, kila mmoja akijiona ndiye atakayeonekana Jumapili hii. Mwaka jana goti langu lilivimba, nikakaa nje miezi minne. Nilipochoka kukaa nyumbani nikaanza kusimama na watoto wa chini ya miaka 13. Leo wako 22, tuna mipira miwili, na mawe ndiyo koni zetu. Kuna binti mmoja wa miaka 11 ambaye hakimbii ovyo. Anasimama nyuma, anawapanga wenzake kwa Kinyarwanda na Kiswahili, na wanamtii. Huyo nikimwangalia naona kocha, na hakuna skauti aliyekuja kuniambia.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mnasoma hapa. Mipira na jezi tunashukuru, kwa kweli. Lakini mpira unapasuka ndani ya miezi michache, kocha aliyefundishwa anabaki. Leseni ya CAF daraja D ni ngazi ya kuanzia, na hutolewa kupitia mashirikisho ya mpira ya nchi hizi tunazoishi. Mkiandika bajeti ya michezo, wekeni na nafasi mbili tatu za vijana kwenda kozi, wa kike na wa kiume, na nauli yao. Hata huduma ya kwanza ya enka na goti ingetusaidia sana.

Na wewe kijana mwenzangu, cheza. Usiache kucheza. Ila chukua daftari. Baada ya mechi andika goli tulilofungwa lilianzia wapi, nani aliacha nafasi, nani hakusema. Fanya hivyo msimu mmoja, utashangaa unavyoona uwanja. Goti likikataa kesho, daftari halitakataa.

Mabeki mko wapi? Niandikieni hapo chini timu yenu na zoezi moja mnalofanya na watoto. La kwangu nitaliweka kabla ya Jumapili.