Tawi Katika Njia Panda



Wapendwa waumini, juma hili tunaanza tafakari yetu kwa kuungama kosa. Dominika moja, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa tukigawa Komunyo Takatifu. Bibi mmoja wa parokia yetu alipokea, akarudi mahali pake, kisha baada ya dakika chache akasimama tena katika mstari. Alipofika mbele yetu mara ya pili tulimwambia, kwa sauti ambayo watu wa madawati ya mbele waliisikia: "Bibi, umeshapokea. Rudi ukakae." Alitutazama kama mtu aliyepigwa kofi asijue sababu. Vijana waliokuwa nyuma yake walicheka. Sisi tuliendelea na ibada, tukijiona tumeilinda heshima ya Sakramenti.

Miezi michache baadaye, saa nane za usiku, katekista alitupigia simu akituomba tufike upesi. Tulimkuta bibi yule yule amesimama kwenye ua wa jirani, kapu mkononi, khanga imemteleza begani, na mbele yake kundi la vijana wenye fimbo na tochi. Kosa lake lilikuwa kuusukuma mlango usio wake usiku wa manane. Aliulizwa anatafuta nini, akajibu maneno yasiyoeleweka. Mmoja wa vijana alikwisha kulitamka neno tunalolijua sote katika nchi hii yetu ya Unyamwezi: mchawi. Tulimshika mkono, tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akatuuliza kama treni ya Kigoma imekwisha kufika.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Katika ujana wake bibi huyu alikuwa akiuza karanga na asali stesheni. Honi ya treni ilipolia usiku, masikio yake yalimwambia kuwa ni wakati wa kazi. Aliamka, akachukua kapu, akashika njia. Nyumba ya jirani ilikuwa katika njia hiyo.

Siku zilizofuata binti yake alimpeleka hospitali. Waganga walimpima kwanza magonjwa mengine, na jambo hili tungependa kila familia ilishike: si kila anayechanganyikiwa ana ugonjwa usiotibika. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, sonona, hata baadhi ya dawa, huweza kumvuruga mzee, na vingi kati ya hivyo vina tiba. Kwa bibi yetu waligundua ugonjwa wa Alzheimer. Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Chembe za ubongo hufa kidogo kidogo. Kwa kawaida kumbukumbu za karibuni hutangulia kupotea, na zile za zamani hubaki kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana bibi alisahau kwamba amekwisha kukomunika, lakini hakuisahau treni.

Wako wanaosema kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita vijijini wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima wazee zaidi ya elfu moja wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Walikadiria kwamba karibu sita katika kila mia walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa aina hii au nyingine. Hai si mbali na Urambo kiasi kwamba wazee wa huko waumbwe kwa udongo mwingine. Hapa kwetu pia wapo. Tofauti ni jina tunalowapa. Wengine tunawaita wazee waliorudi utotoni, na wengine, Mungu atusamehe, tunawaita wachawi.

Tiba ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Lakini kukosa tiba si kukosa msaada. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi ihimizwe kuvifikisha kwa watu wake. Pamoja na viti vya magurudumu na miwani, mna vifaa vya wanaosahau: visanduku vya dawa vilivyogawanywa kwa siku, saa na kalenda za kumkumbusha mtu ratiba yake, simu zilizorahisishwa, vyombo vya kuonyesha mahali mtu alipo. Tulipoisoma orodha hiyo tulijiuliza: vitu hivi vitafika lini Urambo, na kwa bei gani?

Ndipo tulipokumbuka habari ya njia yetu wenyewe. Kabla ya reli, misafara ilipita nchi hii kutoka pwani na Unyanyembe kwenda Ujiji, na wapagazi mashuhuri kupita wote walikuwa Wanyamwezi. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Alipofika njia panda, alikata tawi akalilaza juu ya njia isiyofaa, au alichora mstari ardhini kwa mguu wake. Wapagazi waliochelewa nyuma, wamechoka, hawamwoni tena kiongozi wao, walipofika pale walijua: huku kumefungwa, tupite kule. Hakuna aliyewaita wajinga kwa kuhitaji tawi. Tawi lile lilikuwa wema wa aliyetangulia kwa aliyechelewa.

Kifaa saidizi ndicho tawi hilo. Mgonjwa wa Alzheimer ni mpagazi aliyechelewa nyuma ya msafara. Sisi tuliotangulia tunajua ni siku gani, mlango upi, kidonge kipi. Yeye hutuoni tena, lakini akiikuta alama tuliyomwachia, atapita salama.

Wala Mungu haoni aibu kutumia njia hii. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 15, aliwaagiza Waisraeli watie vishada katika pindo za mavazi yao, ili wakivitazama wazikumbuke amri zake. Aliyetuumba anajua kwamba tunasahau. Na sisi Wakatoliki tunayo rozari: nani kati yetu angesali Salamu Maria hamsini bila kukosea hesabu, kama punje zisingemhesabia vidoleni? Mikono ya wazee wetu imekuwa ikishika kifaa cha kumbukumbu miaka yote, nasi tulikiita sala.

Basi binti wa bibi, wajukuu wake na wanajumuiya walianza kulaza matawi. Mlangoni walitundika kengele ndogo ya mbuzi. Mlango ukifunguliwa usiku, binti anaamka, anamfuata mama yake taratibu na kumwambia, "Mama, treni imeshapita, twende tukalale." Hambishii kwamba hana biashara tena, maneno hayo yangemwumiza bila kumfundisha chochote. Kutoka mlangoni hadi chooni walivuta kamba kwa kimo cha mkono wake, na juu ya mlango wa choo wakaweka taa ya sola. Mlango wa chumba chake waliupaka rangi ya buluu, tofauti na milango mingine ya nyumba. Dawa zake za shinikizo la damu waliziweka katika visanduku saba vya kiberiti vilivyogundishwa pamoja, kimoja kwa kila siku. Binti humpa, kisha hukiacha kisanduku wazi, ili shangazi akifika asimpe mara ya pili. Ndani ya pindo la khanga zake walishona kitambaa chenye namba ya simu ya binti. Na jioni, rozari inapoanza redioni, bibi anajua kwamba siku inaisha. Hahitaji tena kuuliza saa mara ishirini.

Si kila kitu kilifaulu. Mwanawe aliyeko mjini alimletea saa ya mkononi inayoonyesha kwa satelaiti mahali alipo mvaaji. Ni kifaa kizuri, na kwa familia yenye umeme na mtandao wa kutegemewa kinaweza kuokoa maisha. Lakini kilitaka kuchajiwa kila siku, mtandao ulikuwa ukikatika, na bibi hakukipenda. Siku ya nne kilikutwa ndani ya debe la unga. Tulicheka sote, naye akacheka pamoja nasi. Tulijifunza kwamba kifaa bora ni kile ambacho mgonjwa anakubali kuishi nacho, na kwamba aulizwe maadamu bado anaweza kujibu. Kengele ya mbuzi haikugharimu sana, na haikumwomba bibi ajifunze jambo jipya.

Hapa tunapaswa kusema jambo gumu. Zipo nyumba, hata za Wakristo, ambamo mzee anayetangatanga hufungwa kamba mguuni, au hufungiwa ndani kwa kufuli toka nje watu wanapokwenda shamba la tumbaku. Tunajua kwamba wanaofanya hivyo mara nyingi si wakatili. Wamechoka, wako peke yao, na wanaogopa. Hata hivyo kamba hujeruhi mwili na heshima, na kufuli, moto ukizuka, ni kaburi. Kengele tuliifunga mlangoni, hatukumfunga bibi. Kifaa kinachomsaidia mgonjwa humwezesha kwenda chooni mwenyewe, kula mwenyewe, kusali mwenyewe, siku moja zaidi.

Na jambo gumu kuliko hilo. Mwezi wa Julai 2017, huko Uchama wilayani Nzega, ndani ya mkoa wetu huu wa Tabora, wanawake watano waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Hatusemi kwamba walikuwa wagonjwa. Tunasema kwamba mahali ambapo neno lile linaweza kuua, bibi anayesukuma mlango wa jirani usiku amesimama ukingoni mwa kaburi. Usiku ule tulipofika na katekista, hatujui dakika kumi zaidi zingeleta nini. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kabisa anachohitaji mgonjwa wa kusahau katika nchi yetu ni jirani anayejua kwamba ni ugonjwa. Bila jirani huyo, kengele na taa na saa ya satelaiti ni bure.

Juma lililofuata tuliwaita wale vijana. Hatukuwahubiria sana. Tulimwomba binti awaeleze ugonjwa wa mama yake, naye aliwaeleza huku akilia. Mmoja wao, yule aliyelitamka neno lile, anaishi karibu na njia ya stesheni. Tangu wakati huo, treni ikilia usiku naye yu macho, huchungulia nje. Mara mbili amemrudisha bibi nyumbani, akimbebea kapu lake. Amekuwa tawi katika njia panda.

Wapendwa, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ijue wazee wake wanaosahau, wala si kwa masengenyo bali kwa kuwatembelea, na kuwapeleka hospitali mapema. Pili, WAWATA na VIWAWA wapange zamu, walau saa chache kwa juma, ili anayemtunza mgonjwa apate kulala, kwenda sokoni au kusali. Mtunzaji aliyechoka hawezi kuwa mpole. Tatu, mketi na wazee hao na kuzungumza nao mambo ya zamani, kuimba, kutambua vitu kwa majina. Huko Hai walijaribu vikundi vya namna hiyo, vikao 14, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha wazee waliimarika katika kufikiri na katika ubora wa maisha yao. Kumbi za vigango vyetu hukaa tupu siku nyingi za juma, tunaweza kuanza.

Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu, anamwagiza mtoto amstahi baba yake hata akili zake zikimpungukia. Alijua, karne nyingi kabla ya daktari Alzheimer, kwamba siku hizo huja, na hakuona ndani yake laana, ila wajibu. Naye Bwana alimwambia Petro kwamba akiwa mzee atanyosha mikono yake na mwingine atamfunga mshipi na kumchukua. Hata mwamba wa Kanisa uliambiwa utahitaji mkono wa mwingine.

Bibi bado anakuja Misani, akishikwa mkono na mjukuu. Majina ya wanawe yanampotea. Sisi anatuita kwa jina la paroko wa zamani, marehemu, nasi tunaitika. Lakini rozari ikianza, anaitikia bila kukosea neno, na sauti yake huwaongoza wengine. Na Dominika nyingine bado anarudi katika mstari mara ya pili. Siku hizi hatumwambii kitu. Tunamwekea mkono kichwani na kumbariki, naye anarudi mahali pake ameridhika. Vijana walio nyuma yake hawacheki tena. Alama hiyo ndogo ya mkono ndilo tawi letu sisi, tulilochelewa kulilaza.

Mungu, ambaye hatusahau hata pale mama atakaposahau, awabariki ninyi nyote, na hasa wagonjwa wetu na wanaowatunza.

Wenu katika Kristo,
Paroko